Mkeka Kwenye Chumba cha Watu Sita

Muaither iko magharibi mwa Doha, ndani ya manispaa ya Al Rayyan. Ni mtaa wa majumba makubwa yenye kuta ndefu. Mengine yanakaliwa na familia moja, mengine yamegawanywa vyumba vyumba na kupangishwa kwa watu wa kila taifa. Nyuma ya kuta hizo wamo wenzetu wa Afrika Mashariki: dada anayelea watoto wa watu, dereva wa familia, kijana wa usafi, mlinzi anayelala mchana kwa sababu zamu yake ni ya usiku. Maswali ya sura hii ni yao, na ndiyo maana hakuna hata moja linalohusu suruali ya kuvutika wala rangi ya mkeka.

Swali la kwanza, karibu kila mara, ni kama yoga ni dhambi.

Anayeuliza hivyo hatanii, kwa hiyo ajibiwe kwa heshima. Yoga ilizaliwa India, ndani ya mapokeo ya kidini ya huko, na mwalimu anayekuapia kwamba haijawahi kuhusiana na dini yoyote ana kitu anataka kukuuzia. Lakini ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya mazoezi yanayofundishwa leo, yale ya kusimama, kujipinda na kujinyoosha kwa mfululizo, yalipata sura yake katika karne ya 20. Mahali palipochangia sana ni mji wa Mysore, ambako T. Krishnamacharya alifundisha katika miaka ya 1930 akifadhiliwa na mfalme wa huko. Mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar ndiye aliyeyafikisha mazoezi hayo kwa watu wengi wa nje ya India. Kwa hiyo anayeingia darasani anaweza kukuta ibada, anaweza kukuta mazoezi ya viungo matupu, na mara nyingi atakuta mchanganyiko ambao mwalimu mwenyewe hajaufikiria sana.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakukubaliana, na mipaka waliyoiweka inasaidia. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilisema yoga inayochanganya mazoezi, itikadi na maneno ya ibada haifai kwa Mwislamu. Januari 2009 baraza la maulamaa la Indonesia likakataza ile yenye mantra, yaani maneno ya kurudiarudia, na ibada, likayaacha mazoezi peke yake bila marufuku. Saudi Arabia iliitambua yoga kama mchezo Novemba 2017, baada ya miaka ya kuhangaika ya mwanamke mmoja, Nouf Marwaai, mwalimu wa yoga wa nchi hiyo. Na hapa Doha, tarehe 25 Machi 2022, watu wa mataifa 114 walifanya somo moja la yoga kwa pamoja, wakaingia katika rekodi za Guinness kwa wingi wa mataifa. Hilo halithibitishi uhalali wa kitu, rekodi si fatwa. Linaonyesha tu kwamba katika nchi hii hutafanya jambo la kificho.

Kwa Wakristo ugomvi ni uleule wenye mavazi mengine. Mchungaji aliyekulea Kisumu au Mbeya huenda akakwambia kwamba unafungulia mapepo mlango. Kanisa Katoliki lilitoa barua kuhusu jambo hili Oktoba 1989, iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuja kuwa Papa Benedikto wa 16. Haikuzikataa njia za Mashariki moja kwa moja, ila iliwaonya waumini wasije wakadhani kwamba utulivu wa mwili ndiyo sala yenyewe. Onyo hilo naliona la busara hata kwa asiye Mkatoliki. Vivyo hivyo, swala ya Waislamu si mazoezi ya viungo, na simpendi anayeiuza hivyo kwenye video za dakika moja.

Basi nikiulizwa nasema hivi: usitamke usichokielewa, na usiinamie usichokiabudu. Darasa likianza na maneno ya Kisanskriti, uliza maana yake. Una haki ya kukaa kimya wenzako wakiyasema. Ukibaki na shaka, acha yoga kabisa wala hutapungukiwa na kitu, kwa sababu kujinyoosha mgongo hakuhitaji jina la Kihindi, na mtaalamu wa viungo hospitalini atakuonyesha mengi ya yale yale.

Kukaa kimya na kuangalia moyo wako, kwa upande mwingine, si jambo la kigeni kwetu. Imam Ghazali katika kazi yake kubwa, *Ihya*, alitenga kitabu kizima kwa ajili ya kujichunga na kujihesabu nafsi, na kingine kwa ajili ya kutafakari. Pwani yetu ina zikiri za tarika za Kadiria na Shadhilia zinazofuata pumzi, na nina hakika wapo wasomaji waliolala utotoni wakizisikia nyumba ya pili. Wakristo wana mafungo na sala za kimya. Anayekaa kitandani Muaither baada ya alfajiri na kuvuta pumzi kwa utulivu hajaiga Wahindi wala Wazungu.

Swali la pili hutoka kwa aliyechoka: nianze na kipi, kutafakari, yoga au masaji?

Anza na usingizi. Najua si jibu ambalo mtu hununulia kitabu, lakini ndilo ninaloliamini kuliko yote yaliyomo katika sura hii. Aprili 2022 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu walinzi wa kampuni binafsi nchini Qatar, wengi wao kutoka Kenya na Uganda, waliokuwa wakifanya kazi saa 12 kwa siku, siku saba kwa wiki, miezi mingi bila siku ya mapumziko. Mwili wa namna hiyo hauna tatizo la kukosa utulivu. Una deni la usingizi, na hakuna pumzi ndefu inayolilipa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaweka saa 48 za kawaida kwa wiki pamoja na siku ya mapumziko. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku ya mapumziko kila wiki na inaweka ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku. Mtu anayezikosa haki hizi halafu akaambiwa na bosi wake kwamba ajifunze kupumua, amedhulumiwa mara mbili. Nimeshaona matangazo ya kampuni yanayosifu "siku ya afya ya akili" kwa wafanyakazi wasio na siku ya mapumziko, na sijui kama aliyeyaandika alicheka au hakucheka.

Ukiwa na usingizi wa kutosha, au walau wa kujikongoja, ndipo maswali mengine yana maana. Studio za kule mitaa ya kitajiri ya Pearl na West Bay ni nzuri, zina sakafu za mbao na harufu ya mafuta, lakini kima cha chini cha mshahara Qatar tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi kando. Hiyo ni riyali 33 hivi kwa siku, na kipindi kimoja cha studio kinazimeza na kudai zaidi. Waachie wenye nazo. Sehemu unayoihitaji haizidi upana wa godoro, na godoro unalo tayari.

Mlinzi aliyesimama saa nyingi aanze hivi. Lala chali kitandani, sogeza makalio karibu na ukuta, inua miguu yote miwili uiegemeze ukutani, mikono iachie pembeni. Kaa hapo dakika tano mpaka kumi. Mtu akisimama bila kutembea, damu na maji hukusanyika miguuni, kwa kuwa misuli ya vigimbi ndiyo pampu inayovirudisha juu, na pampu hiyo hufanya kazi ikikunjwa na kukunjuliwa. Ukiinua miguu, uzito wa damu wenyewe unafanya kazi iliyokosa kufanywa. Wana-yoga wana jina lao la mkao huu. Mwenzako wa kitanda cha juu atakuuliza umepatwa na nini. Mwambie, naye ataiga kesho. Na ukiwa kwenye lindo, jinyanyue kwa vidole vya miguu na kushuka, mara kadhaa kila baada ya muda. Msimamizi hatajua kama unafanya mazoezi au unachungulia geti.

Dada anayelala katika chumba kidogo kando ya chumba cha kufulia ana shida nyingine: si nafasi, ni mlango. Mtoto ataita, madam ataita. Nisingemshauri atafute nusu saa ambayo haipo. Dakika tatu bafuni kabla ya kulala, akiwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, zinatosha kuanzia. Msomaji anayecheka hapa hajawahi kuishi katika nyumba ya watu.

Sasa kutafakari kwenyewe. Lalamiko ni moja kila mahali: nikifumba macho mawazo yanazidi. Ada ya mtoto, deni la wakala, fedha zilizotumwa M-Pesa ambazo kaka hajasema zimefika. Watu huacha hapo wakidhani wameshindwa. Ukweli ni kwamba kazi ndiyo imeanza. Kaa ukingoni mwa kitanda, nyayo chini, mgongo umesimama bila kukakamaa. Sikiliza pumzi inapoingia puani na inapotoka. Baada ya pumzi nne au tano utajikuta uko Kakamega unagombana na kaka yako kuhusu ile fedha. Ukigundua kwamba umekwenda, rudi kwenye pumzi, bila kujitukana. Zoezi ni huko kurudi. Anayerudi mara 30 katika dakika 10 amefanya zoezi mara 30.

Matokeo yake ni ya kiasi, na nataka tuseme hivyo wazi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, akiwa ameyachukua mengi kutoka mapokeo ya Kibudha na kuyavua mavazi ya kidini. Tangu hapo utafiti umekuwa mwingi. Mwaka 2014 jarida la *JAMA Internal Medicine* lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Ulikuta kwamba mafunzo ya namna hiyo yanapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiwango kidogo hadi cha wastani. Haukukuta kwamba yanashinda dawa, mazoezi ya mwili au matibabu mengine. Kwa mtu asiye na fedha ya chochote kati ya hivyo, faida ya kiasi isiyo na gharama si haba. Lakini anayekuahidi kwamba utapona kisukari kwa kupumua, mkimbie.

Kuna wasiotakiwa kufumba macho peke yao. Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyefungiwa ndani, anaweza kukuta kimya kinamletea picha za siku ile kwa nguvu zaidi. Kama ni wewe, acha macho wazi, tazama kitu kimoja ukutani, au tembea taratibu huku ukihisi nyayo zako. Picha hizo zikiendelea, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Qatar ina simu ya msaada wa afya ya akili, namba 16000. Kwa sababu hiyo hiyo simshauri mwanafunzi mpya aingie yale mafungo ya siku 10 za kimya katika njia ya mwalimu S. N. Goenka, hata kama hayana ada. Wapo walioyapenda sana. Wapo pia waliotoka humo wakiwa wamevurugika.

Yoga nayo ina swali lake la kudumu: mimi sifiki hata magotini, nitaweza? Utaweza, na picha za watu waliojifunga fundo zisikutishe. Ushahidi ulio mzuri zaidi unahusu kitu cha kawaida kabisa, yaani maumivu ya kiuno yasiyoisha. Mwaka 2017 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la watu wazima 320, wengi wao wa kipato cha chini, waliogawanywa kati ya madarasa ya yoga ya wiki 12, tiba ya viungo, na kijitabu cha maelezo. Yoga haikupitwa na tiba ya viungo. Nalipenda jaribio hili kwa sababu ya watu waliomo. Hawakuwa wanawake wembamba wa kwenye majarida. Walikuwa watu wanaobeba vitu. Nairobi nako Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, imewafundisha vijana wa mitaa ya mabanda wakawa walimu.

Tahadhari zake ni chache lakini hazina mjadala. Ukihisi maumivu makali au ganzi inayoshuka mguuni, simama. Ukishindwa kuzuia mkojo pamoja na maumivu ya kiuno, nenda hospitali usiku huo huo. Mwenye shinikizo kubwa la damu au ugonjwa wa presha ya macho asikae kichwa chini. Mjamzito asilale chali kwa muda mrefu miezi ya mwisho, na asijipinde tumbo. Na joto: kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba sheria ya Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Kama ni marufuku kubeba tofali saa hizo, usiende kujinyoosha nyasini Aspire Park saa hizo hizo. Nenda alfajiri au baada ya isha. Kuna madarasa mjini yanayotoza fedha kukufungia kwenye chumba kilichopashwa joto. Mkazi wa Muaither mwenye kiyoyozi kilichoharibika Agosti anayapata bure.

Kuhusu masaji, msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa na mimi. Tumekandwa tangu tumezaliwa. Mzazi hukandwa ndani ya arobaini, bibi harusi Unguja husingwa kwa singo lenye waridi na asmini, na babu mwenye goti huchuliwa kwa mafuta ya nazi. (Maji ya moto ya mzazi yapunguzwe ukali, yameunguza wengi kwa jina la mila.) Kinachobadilika ukifika Ghuba ni nani anayekukanda, na kwa nia gani.

Mikono ambayo vijana wengi hukutana nayo kwanza ni ya kinyozi. Saluni ndogo za Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi humaliza kunyoa kwa kukukanda kichwa na mabega, na ile ni raha halisi, sina neno. Kisha bila kuuliza kinyozi hukamata kidevu na kisogo, akakizungusha kichwa ghafla mpaka shingo ialike. Hapo kataa. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo. Msukosuko wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda, na mtu akapata kiharusi akiwa na umri wa miaka 30. Ni tukio nadra. Lakini mlio ule wa shingo hautibu chochote, kwa hiyo hata hatari ndogo haina cha kuinunulia. Mwambie "bas, shingo hapana", na umpe bakshishi yake.

Jambo la pili la kuogopa ni mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu ya kigimbi, hasa kwa aliyeshuka kwenye ndege juzi. Safari ya Nairobi hadi Doha ni kama saa tano, na kukaa saa nne au zaidi bila kujinyanyua kunaongeza mara mbili hivi uwezekano wa damu kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Ukiukanda mguu huo, donge linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Usikandwe na mtu. Nenda ukapimwe, na ukiishiwa pumzi au kifua kikikubana piga 999.

Zaidi ya hayo, masaji ni ya kupumzisha misuli kwa siku mbili tatu, na si aibu kukubali kwamba faida yake ni fupi. Mfanyakazi mwenzako anaweza kukukanda mabega na kukutosha. Kama unataka kulipia, nenda mahali penye leseni iliyotundikwa ukutani, ambapo mwanamume huhudumiwa na mwanamume na mwanamke na mwanamke. Kadi inayochomekwa kwenye kioo cha gari, au namba ya WhatsApp yenye picha ya msichana anayetabasamu, inakupeleka chumbani ambako utaibiwa, utapigwa picha za kukutisha, au utakutwa na polisi, na hao polisi ndio wenye huruma zaidi.

Limebaki swali la dada zetu, nalo hufika kwa ujumbe wa sauti kutoka Mombasa, Kampala au Dar es Salaam: wakala amenipatia kazi ya masaji Doha, niende? Kazi hiyo ipo, na wapo wanawake wanaoifanya kwa heshima katika hoteli na saluni za wanawake, wakiwa na vyeti vyao. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, dada, dai vitu hivi kwa maandishi. Jina la mwajiri na la mahali pa kazi, siyo "kampuni kubwa ya Doha". Kazi iliyoandikwa kwenye viza, kwa sababu viza ya mfanyakazi wa nyumbani haikupeleki kwenye spa. Jinsia ya wateja. Mshahara, saa na siku ya mapumziko. Halafu tafuta mwenyewe namba ya simu ya mahali hapo, siyo ile aliyokupa wakala, upige na kuuliza kama wanamfahamu. Wakala akikasirika kwa sababu umepiga, umeshapata jibu lako, na nauli yako bado unayo.